Kabla ya Kubishana Kuhusu Vita vya Urusi, Ulizaneni Tarehe

Agosti 2008, Urusi na Georgia zilipopigana, nilikuwa Mwanza, likizo ya chuo, nasubiri mwaka wa tatu uanze. Kila jioni nilikuwa napanda ngazi za jengo moja ambalo chini lina duka la vipuri vya pikipiki na juu kuna kafe ya intaneti. Kompyuta sita, mbili mbovu. Nusu saa shilingi 500, na mtandao wenyewe ulikuwa wa setilaiti: wingu likitanda tu, kwaheri. Ni humo ndani, zikiwa zimebaki kama dakika nne, nilipomwandikia rafiki yangu maneno yaliyotufanya tukae karibu miaka minne bila kusalimiana: "Georgia imeua watu elfu mbili Tskhinvali kwa usiku mmoja na wewe bado unaitetea. Una roho gani?"

Tskhinvali sikujua iko wapi. Hata kulitamka jina sikuweza, nililinakili tu. Jamaa wa kompyuta ya jirani alidhani tunazungumzia jimbo la Georgia la Marekani, na alikuwa anashangaa kweli kweli Mrusi amefikaje Atlanta. Nilimcheka mpaka akanuna. Leo nikikumbuka naona aibu, maana tofauti yangu na yeye ilikuwa ndogo sana. Mimi nilijua ni nchi nyingine. Basi. Zaidi ya hapo nilikuwa na ushabiki na ile elfu mbili.

Tangu Februari 2022 nimekuwa nikiangalia watu wazima, wenye familia na heshima zao, wakitoka kwenye makundi ya wasapu kwa hasira kwa sababu ya Ukraine. Wanafanya makosa yaleyale niliyoyafanya mimi kwa Georgia, wengine neno kwa neno. Mimi ada nimeshalipa, kwa hiyo haya niliyojifunza chukueni bure.

La kwanza ni ramani, na hili nitalipitia haraka kwa sababu ni dakika kumi tu za bando lako. Fungua ramani kabla hujafungua mdomo. Georgia iko kusini mwa milima ya Kaukazi, Urusi iko kaskazini. Waossetia wako pande zote mbili za mlima: wengi wako Ossetia Kaskazini, ndani ya Urusi, wachache wako Ossetia Kusini, ambayo kwa mujibu wa sheria za kimataifa ni sehemu ya Georgia lakini ilishajitenga kwa vita mwaka 1991 na 1992. Kinachowaunganisha ni handaki la Roki, njia ya magari iliyotobolewa ndani ya mlima, zaidi ya kilomita 3. Tskhinvali, mji mkuu wa Ossetia Kusini, iko upande wa chini, imezungukwa na vijiji ambavyo vingi vilikuwa vya Wageorgia. Ukishuka tena kama kilomita 30 unafika Gori, mji aliozaliwa Stalin, na barabara kuu inayounganisha mashariki na magharibi ya nchi inapita hapo.

Ukishaona hivyo, nusu ya kelele zinakwisha zenyewe. Unaelewa kwa nini kila upande ulikuwa unahesabu magari yanayotoka Roki. Unaelewa pia kwa nini vifaru vya Urusi kufika Gori halikuwa jambo la kulinda Waossetia tena: pale nchi ya mwenzako umeshaikata vipande viwili.

Sasa tarehe. Hapa ndipo nitakapokaa.

Mimi hadithi yangu ilianza usiku wa Agosti 7, 2008, saa tano na dakika thelathini na tano. Hiyo ndiyo saa ambayo mizinga na roketi za Georgia zilianza kuipiga Tskhinvali, mji wenye raia wamelala, na wenye walinda amani wa Kirusi waliokuwepo kwa makubaliano ya Sochi ya mwaka 1992. Ukianzia hapo, Georgia ndiye mchokozi na Urusi imekuja kuokoa. Hakuna la kujadili.

Rafiki yangu hadithi yake ilianza saa chache mbele, Agosti 8, vifaru vya Urusi vinapomwagika kutoka Roki, kisha ndege zinapiga mabomu mpaka miji iliyo mbali kabisa na Ossetia, kisha jeshi linafika bandari ya Poti kwenye Bahari Nyeusi. Ukianzia hapo, dubwana limemvamia jirani mdogo. Hakuna la kujadili vilevile.

Alikuwepo wa tatu kwenye ule mjadala wetu wa mtandaoni, mtu mzima, alikuwa akiandika kwa herufi kubwa tupu. Yeye alianzia Aprili 2008, mkutano wa NATO wa Bucharest, ambapo walitamka kwamba siku moja Georgia na Ukraine zitakuwa wanachama. Wa nne akaanzia Februari 17 mwaka huohuo, Kosovo ilipojitangazia uhuru na mataifa ya Magharibi yakaitambua: kama Kosovo inaruhusiwa kujitenga na Serbia, kwa nini Ossetia isijitenge na Georgia? (Swali zuri. Nililipenda mno, mpaka nilipogundua linakata pande mbili. Urusi iliyokataa Kosovo ikaitambua Ossetia Kusini, pamoja na Abkhazia, jimbo jingine lililojitenga na Georgia, tarehe 26 Agosti. Marekani iliyoitambua Kosovo ikasema mipaka ya Georgia haiguswi. Kila mmoja na panga lake lenye makali upande mmoja.)

Tulibishana siku tisa. Hakuna aliyesogea hata hatua, na sasa najua kwa nini. Hatukuwa tunabishania jambo moja. Kila mtu alikuwa na hadithi ya kweli iliyoanza siku tofauti.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la kitongoji kusikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba anaijua hii. Muulize huyu, ataanzia siku mbuzi wa jirani alipokula maharage yake. Muulize yule, ataanzia siku mmea wa mpaka ulipong'olewa. Bibi mmoja nyuma kabisa atasimama na kuanzia mwaka mzee wa ukoo alipogawa shamba. Mwenyekiti mwenye akili haulizi "nani alianza." Anawapanga: kwanza tukubaliane tunaanzia wapi kuhesabu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na kama utasoma hapa tu ukaondoka sitakulaumu: mtu akikutupia hoja kuhusu Urusi na jirani yake yeyote, usijibu hoja. Muulize, "Ndugu yangu, wewe unaanzia lini?" Halafu taja na yako. Utashangaa mara ngapi ubishi unapoa hapohapo, au angalau unageuka kuwa mazungumzo ya kwa nini tarehe hii na si ile. Mazungumzo hayo ndiyo yenye faida. Mtu anayeanzia 2014, Urusi ilipoichukua Crimea kutoka Ukraine, na mtu anayeanzia Bucharest 2008, wakijua kwamba wanaanzia sehemu mbili, wanaweza kumaliza chai pamoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila tarehe ni sawa na nyingine. Februari 24, 2022 hakuna mzinga wa Ukraine uliokuwa umetua Moscow wala Belgorod. Jeshi la Urusi liliingia kutoka pande kadhaa kuelekea mji mkuu wa nchi nyingine. Ukiniambia ulianzia Bucharest nitakusikiliza, lakini Bucharest inaeleza hasira; haihalalishi vifaru barabarani Kyiv. Georgia 2008 ni fundo gumu zaidi, na ndiyo maana inafundisha zaidi.

Turudi kwenye ile elfu mbili yangu.

Mwishoni mwa 2009 nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa, kazi ya chuo, nikakutana na ripoti ya tume iliyoundwa na Umoja wa Ulaya kuchunguza vile vita. Iliongozwa na mwanadiplomasia wa Uswisi, Heidi Tagliavini, na ilitolewa Septemba 30 mwaka huo. Ni juzuu tatu, kurasa zaidi ya elfu moja. Nilisoma muhtasari wake usiku mmoja nikitafuta kitu cha kumpigia rafiki yangu. Nikakipata ukurasa wa mwanzo tu: shambulio la Georgia dhidi ya Tskhinvali ndilo lililoanzisha vita, na halikuwa na uhalali kisheria. Georgia ilikuwa imedai kwamba jeshi kubwa la Urusi lilikuwa limeshaingia kabla. Tume ikasema haikupata ushahidi wa kutosha wa hilo. Niliruka kutoka kwenye kiti.

Nikaendelea kusoma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tume ilisema Urusi ilikuwa na haki ya kuwatetea walinda amani wake mwanzoni, lakini sehemu kubwa ya ilichofanya baadaye, kwenda mbali ndani ya Georgia, ilipita mipaka ya kujilinda. Ilisema zile pasipoti za Kirusi walizogawiwa wakazi wa Ossetia na Abkhazia kwa wingi miaka ya kabla ya vita hazikuwa halali kimataifa, kwa hiyo hoja ya "tunalinda raia wetu" ilikuwa imetengenezwa kabla. Ilisema Wageorgia wa vijiji vya Ossetia Kusini walifukuzwa kwa misingi ya ukabila wao, nyumba zikachomwa, mengi ya hayo baada ya mapigano kusitishwa. Na madai ya Urusi kwamba Georgia ilifanya mauaji ya kimbari, tume ikasema hayana msingi.

Halafu hesabu. Wote waliokufa, pande zote, wanajeshi kwa raia, walikadiriwa kuwa kama 850. Na wachunguzi wa Urusi wenyewe, si wa Ulaya, walikuwa wameshatoa idadi ya raia wa Ossetia Kusini waliouawa: 162.

Si elfu mbili. Mia moja sitini na mbili.

Usinielewe kwamba 162 ni kidogo. Ni wanafunzi wote wa madarasa matatu ya shule niliyosoma, na wachache wa kusimama mlangoni. Lakini mimi nilimwita rafiki yangu hana roho kwa sababu ya elfu mbili, na elfu mbili haikuwepo. Ile namba ilifanya kazi yake ndani ya zile siku tano za vita, ilipokuwa ikihitajika, na iliposahihishwa hakuna aliyekuja kwenye kafe kutugongea mlango na kutuambia.

Kwa hiyo sasa nina utaratibu, na watoto wangu wananicheka. Namba yoyote ya wiki ya kwanza ya vita naiandika kwenye daftari, na pembeni naandika tarehe niliyoisikia na aliyeitoa. Siisambazi. Naiacha ilale. Baada ya mwaka nairudia. Daftari lile lina kurasa za kuchekesha na kurasa za kutia huzuni, maana kuna namba zinazoshuka na kuna zinazopanda. Ya Mariupol, mji wa Ukraine, ilipanda.

Na usidhani ni upande mmoja unaofanya hivi. Mwaka 2022 mimi nilikuwa nimeshahama kambi. Siku ile ya kwanza tulisikia kwamba askari 13 wa Ukraine kwenye Kisiwa cha Nyoka waliitukana meli ya kivita ya Urusi na kuuawa wote. Rais Zelensky mwenyewe alitangaza kwamba watapewa nishani za ushujaa baada ya kufa. Nililia. Niliituma kwenye makundi manne, na la kwaya mojawapo. Siku chache baadaye ikabainika kwamba wako hai, wametekwa. Hata yule rubani waliyemwita Mzuka wa Kyiv, aliyesemekana anaangusha ndege za Warusi peke yake, jeshi la anga la Ukraine lilikuja kukiri kwamba ni ngano. Baadhi ya video zake zilikuwa za mchezo wa kompyuta. Katika kundi la kwaya nilirudi kusahihisha. Alinijibu mtu mmoja tu, kwa kidole gumba.

Nimesema nilihama kambi. Nieleze, kwa sababu kuna somo na kuna kichekesho.

Na yule rafiki yangu tulikutana msibani mwaka 2012, kwenye foleni ya kunawa mikono. Hakunisalimia. Alinimiminia maji, akasema, "Haya, zile elfu mbili zako vipi?" Nikamwambia mia moja sitini na mbili. Akanyamaza kidogo, akasema na yeye alikuwa hajui kwamba Georgia ndiyo iliyopiga kwanza. Mwaka mzima alikuwa akiambia watu kwamba ni uongo wa Moscow. Tukala ubwabwa sahani moja.

Sasa kichekesho: ilipofika 2022 tulikuta tumebadilishana viti. Mimi niliyekuwa nikiishangilia Urusi nilikuwa upande wa Ukraine, yeye aliyekuwa akiilaani alikuwa upande wa Urusi. Yeye kilichomgeuza ni Libya. Mwaka 2011 Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kulinda raia, NATO ikapiga mabomu mpaka Gaddafi akaanguka, na rafiki yangu tangu hapo hataki kusikia neno "sheria ya kimataifa" likitoka kinywa cha Magharibi. Mimi kilichonigeuza ni pasipoti. Nilipoona Urusi inagawa pasipoti kwa wingi mashariki mwa Ukraine, mwaka 2019, nilikumbuka ile ripoti nikasema hii filamu nimeshaiona.

Huwezi kumbishia mtu vizuri kama hujui kilichomgeuza. Rafiki yangu haipendi Urusi hasa, anaikumbuka Libya. Nilipolijua hilo niliacha kumtumia video za Kyiv, na tukaanza kuzungumza kuhusu Libya, ambako kwa kweli tunakubaliana karibu kila kitu.

Kuna hoja mbili za kwetu ambazo hazikosekani kwenye mijadala hii, na zote mbili huwa zinatumika ovyo.

Ya kwanza ni ya deni. "Warusi walitusaidia kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika, leo tuwageuke?" Deni lipo, silikani. Bunduki za Frelimo na MPLA hazikudondoka mbinguni. Lakini aliyetoa msaada ule ni Muungano wa Kisovieti, uliokuwa na jamhuri 15, na Georgia na Ukraine zilikuwa mbili kati ya hizo. Mjomba wangu alisoma uhandisi Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ukimwambia "Warusi walinisomesha" anakurekebisha. Anasema aliyemfundisha hesabu alitoka Kharkiv, Ukraine, na aliyelala naye chumba kimoja alikuwa Mgeorgia. Kama ni deni, wadai ni wengi.

Ya pili ni Kagera, na hii inanigusa kwa sababu kwetu ni upande wa Kyaka. Kuna mtu kwenye kila kundi atasema: "Mrusi amefanya alichofanya Mwalimu kwa Amin. Kachokozwa, kajibu, kaenda mpaka mwisho." Mama yangu mwaka 1978 alikuwa msichana wa darasa la tano. Walivuka daraja la Kyaka na ndoo ya mahindi mabichi na mdogo wake mgongoni, na siku chache baadaye daraja lile lililipuliwa na majeshi ya Amin. Kwa hiyo hoja hii mimi siichukulii kirahisi.

Inafanana? Kwa Ukraine hapana, nimeshasema. Kwa Georgia, kidogo, na ni vizuri kuisema hiyo kidogo kwa sauti. Tanzania nayo iliulizwa swali lilelile: umemfukuza mvamizi, sasa unaenda Kampala kufanya nini? Kwenye mkutano wa OAU huko Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria walitulaumu hadharani. Na Mutukula ya upande wa Uganda ilisawazishwa na jeshi letu. Wazee wa mpakani wanalijua hilo, ingawa kwenye hadithi ya uwezo, sababu na nia halitajwi. Lakini tazama tofauti. Amin alikuwa ameingia ndani ya ardhi yetu na kutangaza kwamba ni yake. Georgia ilipiga mji ulio ndani ya mipaka yake yenyewe. Tanzania haikugawa pasipoti kwa Waganda wa mpakani miaka sita kabla. Na kufikia 1981 majeshi yetu yalikuwa yamerudi, hatukubaki na hata shamba moja la ndizi la Uganda. Urusi mpaka leo ina kambi za kijeshi Ossetia Kusini na Abkhazia, na uzio wa waya unapita katikati ya mashamba ya wakulima wa Georgia.

Mfano wa kwenu ni mzuri kwenye ubishi. Lakini ukiutumia, utumie mzima, na Mutukula yake.

Kuhusu kura za Umoja wa Mataifa nitasema jambo moja. Machi 2, 2022 Baraza Kuu lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 hawakuegemea upande. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilisema ndiyo. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa kwenye zile 35. Nimeona watu wakichukua ile kura yetu kama ushahidi kwamba Tanzania iliiunga mkono Urusi, na wengine kwamba ni woga. Kutoegemea si kuunga mkono. Waliotaka kuunga mkono walikuwa na kitufe chao na Eritrea ilikibonyeza. Ukitaka hoja nzito ya Mwafrika kuhusu vita vile, nenda kasikilize alichosema balozi wa Kenya wa wakati huo, Martin Kimani, kwenye Baraza la Usalama Februari 21, siku tatu kabla ya uvamizi. Hakuzungumza kama mshabiki wa Magharibi. Alizungumzia mipaka tuliyochorewa na wakoloni, jinsi ilivyokata makabila vipande, na jinsi Afrika ilivyoamua kuishi nayo badala ya kuanza vita visivyo na mwisho. Palepale aliwalaumu pia wakubwa wengine wanaodharau sheria za kimataifa. Nilimtumia rafiki yangu. Akajibu, "Huyu nimemwelewa."

Jambo la mwisho, na si la kubishania. Januari 2023 serikali yetu ilithibitisha kwamba kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma Urusi, akafungwa huko, alijiunga na Wagner, kundi la mamluki wa Kirusi, kutoka gerezani na akauawa Ukraine. Mwili wake uliletwa nyumbani. Siku hiyo kundi letu la wasapu, ambalo lilikuwa halipitishi saa moja bila ramani yenye mishale, lilikaa kimya tangu asubuhi mpaka usiku. Aliyevunja ukimya aliuliza kama kuna mtu anaijua familia, tuchange.

Tangu siku ile nimejiwekea swali moja kabla sijabonyeza kutuma: je, ningeyasema haya mbele ya mtu ambaye vita hivi vimemwingilia ndani ya nyumba? Mara nyingi nafuta.

Mjomba ndiye aliyenipa swali hilo bila kujua. Yule mwenzake wa chumbani Moscow alikuwa Mgeorgia wa Sukhumi, Abkhazia, pwani ya Bahari Nyeusi. Kila mwaka mpya ukikaribia, kwao walimtumia sanduku la machenza, na Mjomba anasema ukifungua mlango wa bweni, nje theluji inafika magotini, ndani kunanukia kama Muheza. Walikula mpaka maganda yakajaa kwenye kidirisha. Walikuwa wanayapanga juu ya bomba la joto yakauke, chumba kizima kinukie wiki nzima.

Mwaka 1993 Wageorgia zaidi ya laki mbili waliikimbia Abkhazia, na Mjomba hakupata barua tena. Mwaka 2008, nilipokuwa nikirudi kutoka kafe nimevimba kwa hoja, nilimkuta sebuleni anaangalia taarifa ya habari, sauti ameizima. Nikaanza kumweleza nani kaanza, nani kajibu, wangapi wamekufa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huko kwenye kompyuta kuna namna ya kumtafuta mtu kwa jina, akachukua kalamu na kuniandikia nyuma ya risiti ya umeme, kwa herufi za Kirusi, polepole, jina ambalo sikuweza kulisoma.